Jina Lenye Doa Benki: Usimlipe Dalali wa Kulisafisha

Msimu wa mahindi ukifunguka, mnunuzi wa nafaka wa Chapwa asiye na fedha taslimu hana biashara. Wakulima wa Mbozi na Momba hawauzi kwa ahadi, na lori likishapata mzigo mwingine halirudi kukusubiri. Ndiyo maana kunyimwa mkopo mwezi Juni kunauma kuliko kunyimwa Januari.

Mnunuzi mmoja wa hapo Chapwa, aliyeomba tusimtaje, aliyapata hayo mwaka 2024. Afisa mikopo alimweleza kuwa jina lake lina doa, basi. Siku mbili baadaye akajitokeza kijana aliyedai kuwa na watu wake Dar es Salaam, akataka Sh. 200,000 ili doa lifutwe. Mzee akatoa. Doa likabaki pale pale, na kijana namba yake haikupatikana tena.

Wasomaji wetu waelewe jambo moja. Benki hupeleka taarifa za wakopaji wake kwenye kanzidata iliyoko Benki Kuu ya Tanzania, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2012. Kampuni zilizopewa leseni ya kazi hiyo, zikiwamo Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet, huandaa ripoti ambayo mkopeshaji huisoma kabla ya kukupa fedha. Aliyeandika kuwa unadaiwa ni mkopeshaji wako wa zamani, na ndiye mwenye uwezo wa kurekebisha. Dalali hana mlango wake wa pembeni.

Mzee wetu alipotulia alirudi benki na kuuliza swali ambalo angeuliza siku ya kwanza: doa limetoka taasisi ipi, na ni la mkopo upi? Yakapatikana mawili.

La kwanza lilikuwa kosa. Mkopo wa Sh. milioni 3 aliomaliza mwaka 2021 ulikuwa bado unasomeka kama deni. Bahati yake, stakabadhi alizitunza (wangapi kati yetu wanazo za mwaka huo?). Alizitoa nakala, akaandika barua, akagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, na akadai barua ya kumaliza deni. Ilimchukua safari tatu.

La pili halikuwa kosa. Ni mkopo wa simu wa Sh. 35,000, uliochukuliwa na mwanawe kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha baba. Mzee alibisha sana, lakini laini ni yake na deni ni lake. Akalipa, akahifadhi ujumbe wa malipo. Kagua leo laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Shilingi elfu thelathini na tano zinaweza kukufungia milioni kumi.

Hata hivyo, deni la kweli likilipwa historia yake haifutiki siku hiyo hiyo. Ripoti husema ulichelewa, kisha ukamaliza. Mkopeshaji makini huona tofauti kati ya aliyemaliza na aliyekimbia, na mkopo mdogo unaorejeshwa kwa tarehe yake husaidia kuliko maneno mengi.

Mkopeshaji akikaa kimya, mwandikie malalamiko rasmi kwanza, kisha yapeleke Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya. Nauli ya basi kutoka Tunduma ni sehemu ndogo tu ya ile laki mbili.

Wapo pia wanaokimbilia mikopo ya kausha damu ili walipe deni la benki. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kuziba shimo kwa kuchimba jingine si biashara.

Kwa wenzetu, Kenya mwaka 2022 ilizitaka benki kutoa punguzo lisilopungua nusu ya deni kwa wakopaji wa simu waliokwama, ili walipe na kumbukumbu zao zirekebishwe. Marekani, sheria ya mwaka 1996 inamkataza wakala wa kusafisha majina kupokea malipo kabla ya kumaliza kazi. Kijana wa Tunduma alipokea kwanza.

Mzee alipata mkopo mwezi Septemba. Bei ilikuwa imekwisha kupanda, na fedha ambayo Juni ingejaza ghala ilitosha nusu yake. Anasema mwaka huo hakukosea mahindi, alikosea miezi mitatu.