ADUI ALALAYE KATIKA INI

Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Neno hilo twalikumbuka leo tunapotaka kusema na wananchi juu ya jambo lisilotajwa sana katika mikutano yetu, nalo ni hatari iliyojificha ndani ya mwili wa mgonjwa wa saratani anayeanza kupewa dawa.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Maganzo aliyeonekana ana saratani ya titi. Ndugu zake wameuza ng'ombe, wachimbaji wadogo wa almasi wamechanga walichonacho, naye amesafirishwa hadi hospitali kubwa. Dawa zinafanya kazi, uvimbe unanywea, na nyumba nzima inamshukuru Mungu. Baada ya miezi michache macho yake yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo linajaa maji. Mtaani watu wananong'ona. Mmoja asema ameuawa na dawa za hospitali, mwingine asema amerogwa. Huenda wote wawili wamekosea. Huenda aliyeamka ni adui aliyekuwa amelala katika ini lake tangu utoto.

Adui huyo ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Huambukizwa kwa damu, kwa zinaa, kwa wembe mmoja uchanjao watu wengi, na mara nyingi mama humpa mtoto wakati wa kuzaa. Haambukizwi kwa kula sahani moja wala kwa kupeana mikono. Akishaingia huweza kukaa miaka thelathini bila maumivu yoyote, ilhali mwenyewe analima, anachimba na kulea watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na wengi wao hawakuwa na habari. Hata mtu aliyepona huachiwa mbegu ya kirusi ndani ya chembe za ini, nayo hulindwa na askari wa mwili usiku na mchana.

Sasa dawa za saratani huua chembe zinazokua upesi, lakini pia huwadhoofisha askari hao. Mlinzi akilala, mwizi huamka. Kirusi huzaana kwa wingi. Na askari wanapopata nguvu tena huyashambulia maini yenyewe yaliyojaa adui. Hapo ini huungua, na mgonjwa aweza kufa kwa ugonjwa ambao hakuujua, ilhali ule aliotibiwa ulikuwa ukishindwa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa dawa iitwayo rituksimabu, itumikayo kutibu saratani ya tezi za limfu. Mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru onyo kali juu ya jambo hili liandikwe katika maelezo yake.

Jambo la kututia moyo ni kwamba balaa hili lazuilika. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilishauri kila mgonjwa apimwe damu kabla ya kuanza dawa au anapoanza, si kwa kipimo kimoja tu, bali pia kwa kile kinachoonyesha kama kirusi kilipata kupita zamani. Anayeonekana yumo hatarini hupewa dawa ya kumlaza adui, kama tenofovir, nayo huendelea kuimeza mwaka mzima au zaidi baada ya matibabu ya saratani kwisha. Anayeiacha mapema hujiletea hatari upya.

Wako watakaosema kwamba vipimo ni gharama na huchelewesha tiba. Twawajibu kwamba dawa za saratani zaweza kuanza huku majibu yakingojewa. Na gharama ya kipimo si kitu mbele ya ng'ombe waliouzwa na mama aliyezikwa. Tena tenofovir si dawa ngeni nchini. Imo katika dawa za UKIMWI zinazotolewa bure katika zahanati na vituo vyetu. Kwa hiyo twawaomba wakuu wa afya wahakikishe kwamba mgonjwa wa saratani mwenye homa ya ini naye haikosi kwa sababu ya umaskini wake.

Nchi yetu ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hii mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi wa wafanyakazi wa leo, waliozaliwa kabla ya hapo, hawakuipata kinga hiyo utotoni. Hao ndio wanaochekecha mchanga Maganzo, wanaoshuka mashimoni Geita, na ndio waendao kutibiwa Bugando na Ocean Road.

Basi kila mgonjwa, au nduguye anayemsindikiza, amwulize mganga kwa adabu lakini bila woga: "Je, ini langu limepimwa?" Na macho yakigeuka manjano asikimbilie kwa mpiga ramli, bali arudi hospitali siku ile ile. Viongozi wa mashina na matawi wana kazi ya kulieleza neno hili nyumba hata nyumba, wala wasimruhusu mtu amtenge mwenzake mwenye kirusi hiki.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tuliwatangazia vita ujinga, maradhi na umaskini. Katika jambo hili maadui wote watatu wamesimama bega kwa bega. Mchimbaji wa Maganzo huchekecha mchanga siku nzima kutafuta kijiwe kidogo kilichojificha. Tone moja la damu lastahili kutafutwa kwa bidii ile ile, maana ndani yake umo uhai wa mtu.