Mkanda wa ngozi unaoshonwa nyumbani: Faida iko kwenye mshono na kwenye cheti

Mkanda ukikatika kiunoni mwa mteja, hamtafuti aliyeutengeneza. Anakutafuta wewe uliyemuuzia, tena siku ya gulio, mbele za watu. Hasara hiyo huikuti kwenye daftari la mauzo, lakini ndiyo inayowapunguzia wachuuzi wengi wateja kimyakimya.

Anayepitisha bidhaa ndogondogo Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo anaijua mikanda hiyo. Inameta, ina muhuri wa Kiingereza unaosema ni ngozi halisi, na bei yake ya jumla inashawishi. Miezi michache baadaye inaanza kupasuka penye matundu. Tabaka la juu linabanduka kama ganda la kitunguu, na ndani panaonekana kitu kama karatasi ngumu. Mingi kati yake ni plastiki iliyobandikwa juu ya unga wa ngozi uliogandishwa kwa gundi. Kwa kuwa unga huo ulitokana na ngozi, aliyepiga muhuri anajiona hajadanganya. Rahisi huponza.

Wakati huohuo nchi zetu zina ng'ombe na mbuzi kwa mamilioni. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokutana Arusha Machi 2016 waliagiza viwanda vya nguo na ngozi vya ndani viendelezwe, ili kupunguza utegemezi wa nguo na viatu vya mitumba. Viwanda ni safari ndefu. Mkanda hauhitaji kiwanda: unahitaji meza, kisu kikali, sindano mbili na mtu mwenye subira. Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanyika nyumbani, na kwa nini mkanda wa namna hiyo unaweza kukufaa zaidi mpakani kuliko ule wa katoni.

Anza na ngozi, si na kisu

Ngozi inayouzwa kwa mafundi ni ya aina mbili kubwa. Ya kwanza imesindikwa kwa kromu. Ni laini, inastahimili maji, na inafaa kwa mikoba na viatu. Ukiikata, mara nyingi katikati yake huwa na rangi ya kijivu au buluu hafifu.

Ya pili imesindikwa kwa tanini, dawa inayopatikana kwenye magome ya miti. Hapa kwetu mti maarufu kwa kazi hiyo ni muwati, unaolimwa Njombe, kusini mwa Tanzania, na kwenye nyanda za juu za Kenya. Ngozi hii ni ngumu kidogo. Ukiikata ni ya kahawia mpaka katikati, na tone la maji likiiangukia linanywewa na kuacha doa jeusi kwa muda. Hii ndiyo ngozi ya mikanda na ala.

Kama una shaka, omba kipande kidogo cha mabaki ukiguse kwa moto. Plastiki huyeyuka, hujikunja na kunuka kama mfuko wa nailoni unaoungua. Ngozi hunuka kama nywele zilizoungua, wala haiyeyuki.

Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba, lakini futi zote hazilingani. Mgongo ndio wenye nguvu, ngozi yake imeshikana na haivutiki. Ya tumbo ni legelege. Mkanda uliokatwa tumboni utarefuka wiki kwa wiki mpaka mwenye suruali aongeze matundu mwenyewe. Kabla ya kulipa, igeuze ngozi pande zote. Upande wa juu tafuta alama za chapa ya moto, mikwaruzo ya miiba na vidonda vya kupe. Upande wa nyama tafuta mikato ya kisu cha mchinjaji. Mkato uliofika nusu ya unene ndipo mkanda utakapokatikia.

Nairobi, soko la Kariokor linajulikana kwa mafundi wa ngozi. Moshi kuna kiwanda cha Karanga, na Mwanza kuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inayofundisha fani hii. Asiye karibu na miji hiyo aanzie kwa fundi viatu wa mtaani. Huyo huwa anajua ngozi inakopatikana, na mara nyingi ana msharasi wa kuazimisha.

Mkanda hatua kwa hatua

Kwa mkanda wa kuvalia jinsi au suruali ya kazi, tafuta ngozi yenye unene wa milimita 3 hadi 4. Upana wa kawaida ni milimita 38, yaani inchi moja na nusu; wa suruali ya ofisini ni milimita 30 hadi 35.

Usipime mkanda kwa namba ya suruali. Chukua mkanda ambao mteja anauvaa, upime kutoka pale bizimu, yaani kile kifungo cha chuma, linapokunjiwa mpaka tundu analolitumia. Tuseme ni sentimita 91. Ongeza 7 za kukunjia bizimu na 15 za ncha. Utakata sentimita 113.

Kata kwa rula ya chuma, kisu kikiwa kimenolewa vizuri. Pita mara tatu kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Ukilazimisha, kisu hupinda na ukingo unakuwa na mawimbi. Toboa tundu la kati pale kwenye kipimo cha mteja, kisha mawili au matatu kila upande, yakiachana sentimita 2.5. Matundu yawe ya duara. Tundu lililochomwa kwa msumari huacha mpasuko mdogo, na mpasuko huo hukua.

Pale pa kukunjia bizimu, punguza unene wa ngozi kwa kisu upande wa nyama ili ikunjike bila kupasuka. Fungua tundu refu la kupitishia ulimi wa bizimu. Kisha kunja, weka kitanzi cha kushikia ncha, na ushone au ugonge ribiti. Mkanda wa tabaka moja hauna haja ya kushonwa urefu wote. Mshono unaozunguka ukingo mzima ni pambo, na fundi anayeanza asipotezee muda hapo.

Mahali pa kutumia muda ni kwenye ukingo. Sugua kingo kwa msasa laini, zilowanishe kidogo, kisha zisugue kwa kitambaa cha jinsi au kipande cha mti laini mpaka zing'ae. Hapo ndipo mteja mwenye uzoefu anapoangalia kwanza, kwa sababu ukingo wa plastiki hauwezi kusuguliwa hivyo.

Mshono wa sindano mbili

Mashine hushona kwa nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mwenzake hulegea na mshono huanza kufumuka. Mshono wa mkono ni uzi mmoja wenye sindano kila ncha, na sindano zote mbili hupita kwenye kila tundu, moja kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto. Uzi ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani hubaki imejishika.

Kata uzi wenye urefu mara nne ya mshono wako. Uvute kwenye nta ya nyuki ili usinywe maji na ukae imara. Kama huna kifaa cha kuwekea alama, tumia uma wa mezani: ukandamize kwenye ngozi, sogeza mbele, jino la mwisho likae kwenye alama ya mwisho. Toboa kwa msharasi, ukiuinamisha kwa pembe moja kila mara. Mishono ikiachana milimita 4 au 5 inatosha.

Nyeusi unaweza kuitengeneza jikoni. Tumbukiza misumari yenye kutu au waya wa chuma wa kusugulia sufuria ndani ya siki, uache siku kadhaa, kifuniko kikiwa kimelegezwa kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa. Chuja, kisha upake. Chuma kikikutana na tanini ngozi hugeuka nyeusi, wala si rangi ya juu tu inayohamia kwenye shati. Halafu ipanguse kwa maji yenye magadi soda kidogo ili kuua ukali wa siki. Kwenye ngozi ya kromu mbinu hii haifanyi kazi, kwa hiyo inaweza pia kuwa kipimo cha kumjua muuzaji wa ngozi aliye mkweli.

Pochi na ala

Pochi hutaka ngozi nyembamba, milimita 1 hadi 1.5, na ngozi ya mbuzi inafaa sana kwa kuwa ni nyepesi na ina nguvu. Kosa la wengi ni kuiga kipimo cha pochi ya dukani. Msomaji wa gazeti hili hubeba shilingi za nchi mbili au tatu, faranga, na pengine dola. Noti ya dola ina urefu wa sentimita 15.6 na upana wa 6.6. Panga noti zote unazozitumia, chukua iliyo kubwa kuliko zote, na uache angalau nusu sentimita kila upande kabla ya mshono. Pochi yenye vyumba viwili vya noti, kila sarafu na chumba chake, ni bidhaa inayojiuza yenyewe mpakani.

Ala ya kisu au sime ndiyo kazi inayoonyesha sifa ya ngozi ya tanini. Lowesha ngozi kwenye maji mpaka ilainike, funga kisu kwa nailoni kisipate kutu, kisha ikandamize ngozi juu yake kwa vidole mpaka ichukue umbo. Iache ikauke kivulini. Jua kali huikausha vibaya na ikapasuka. Kati ya kingo mbili za ala weka ukanda mwembamba wa ngozi kabla ya kushona. Bila ukanda huo makali ya kisu hukata uzi, na siku moja hukata paja la mwenyewe. Kwa njia hiyohiyo hutengenezwa mfuko wa simu, wa tochi au wa koleo wa kuning'iniza mkandani, na hivyo hununuliwa na mafundi umeme, madereva na wafugaji.

Hesabu isiyodanganya

Mkanda wa inchi moja na nusu wenye urefu wa inchi 48 una inchi za mraba 72, yaani nusu futi ya mraba. Hapo wengi hukosea: hupiga bei ya nusu futi na kudhani wamejua gharama. Ngozi ya mgongo yenye upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 122 hutoa mikanda 10. Gawa bei ya ngozi nzima uliyonunua kwa hiyo mikanda 10, kwa sababu tumbo na mabaki nayo umeyalipia. Kitakachotoka kwenye mabaki, kama vishikio vya funguo na mifuko ya simu, kihesabu kuwa nyongeza.

Ongeza bizimu, uzi, nta na nauli, kisha saa zako. Ukiziacha saa zako nje ya hesabu, utauza kwa bei ya mkanda wa katoni na mwisho wa mwezi hutaelewa kwa nini umechoka bila faida. Shindana kwa ahadi: mshono ukifumuka, mteja aulete ushonwe bure. Ahadi hiyo muuzaji wa mkanda wa katoni hawezi kuitoa.

Mpakani, sema bidhaa imetoka wapi

Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya una ngazi ya asilimia 35, na bidhaa za ngozi zimo kwenye kundi hilo. Huo ni ushuru kwa vitu vinavyotoka nje ya Jumuiya. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na yenye cheti cha uasili huvuka bila ushuru wa forodha. Mkanda wa katoni hauwezi kupewa cheti hicho hata kama uliununua Nairobi au Kariakoo. Wako unaweza.

Kwa shehena isiyozidi dola 2,000 upo utaratibu uliorahisishwa: cheti cha uasili hujazwa na kugongwa muhuri na forodha palepale mpakani, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja. Omba kuiona orodha hiyo kabla hujafunga mzigo. Kama bidhaa yako haimo, utahitaji cheti cha uasili cha kawaida. Ukikadiria mkanda kwa dola 10, dola 2,000 ni mikanda 200. Fundi anayemaliza mikanda minne kwa siku atahitaji siku 50 kuifikisha. Hakuna sababu ya kuipitisha njia za panya.

Beba risiti ya ngozi, na ukiulizwa kuhusu bizimu lililotoka nje ya Jumuiya, sema hivyo. Kanuni za uasili huruhusu kiasi fulani cha malighafi ya nje. Usichanganye mikanda yako na ya katoni kwenye begi moja na kuiombea yote cheti kimoja, maana ikigundulika utaipoteza yote. Kumbuka pia kwamba cheti hakiondoi kodi za ndani kama VAT. Na usidhani ngozi mbichi ni mkato: hiyo inataka vibali vya mifugo.

Anza na mkanda mmoja, uvae mwenyewe kwa mwezi mzima. Uende nao gulioni, upande nao basi, ubebe nao mizigo. Utajua unapolegea na mshono upi haukukaza, na utakapompa mteja wa kwanza utakuwa unajua unachomwahidi.