Nilimficha Mume Wangu Furaha

Mama anapofunga safari ya masomo ng'ambo, washauri hawakosekani. Mmoja atamwambia achukue sweta nzito, mwingine atamwambia abane matumizi. Nami niliambiwa hayo yote. Ila hakuna aliyeniambia jinsi ya kuitunza ndoa kwa simu ya mara moja kwa wiki. Hilo nilijifunza mwenyewe, na nilijifunza kwa machozi.

Mwaka 2010 nilipata nafasi ya kusoma kozi ya miezi 9 ya uuguzi wa watoto mjini London. Nyumbani Morogoro nilimwachia mume wangu binti wa miaka 7 na mvulana wa miaka 3. Mama mkwe, Mungu ambariki, alitoka kijijini kuja kusaidia.

Kila Jumapili jioni nilinunua kadi ya simu na kupiga nyumbani. Nilieleza habari za baridi, mitihani migumu na chakula kisicho na ladha. Yote yalikuwa kweli. Lakini habari njema sikusema hata moja. Nilijiuliza, mwenzangu anaamka usiku kubadilisha shuka za mtoto aliyekojoa, nami nimweleze kwamba leo nimecheka? Niliona aibu kufurahi.

Safari ya Jumamosi

Hosteli tulikuwa marafiki wanne, wote wauguzi: mimi, dada mmoja wa Kisumu, Mzambia na Mfilipino. Siku moja mwezi Mei yule dada wa Kisumu akasema, "Jamani, turudi makwetu tumeona wodi na vitabu tu? Kesho twendeni St Paul's."

Hili ni kanisa kuu maarufu la Waanglikana katikati ya London, ambamo Prince Charles na Diana walifunga ndoa mwaka 1981. Kiingilio cha watalii kilizidi pauni 10. Nilikibadilisha kichwani kuwa shilingi, ikawa zaidi ya 20,000. Nikafikiria viatu vya watoto. Nusura nirudi mlangoni. (Ukienda siku moja, fahamu kwamba anayekuja kwa ibada hatozwi kitu.)

Ndani tulielezwa historia yake. Kanisa la zamani liliharibiwa na moto mkubwa ulioteketeza sehemu kubwa ya jiji mwaka 1666. Fundi Christopher Wren ndiye aliyechora hili la sasa, na ujenzi ukaanza mwaka 1675. Mwaka huo huo alizaliwa mtoto wake wa kiume. Jiwe la mwisho la juu liliwekwa mwaka 1708, na aliyeliweka ni mtoto yule yule, sasa mtu mzima wa miaka 33. Nilimkumbuka mwanangu. Niliona miezi 9 kuwa si mingi, kisha nikaona kwamba kwa mtoto wa miaka 3 ni mingi mno.

Tukaanza kupanda. Baada ya ngazi 257 tulifika kwenye roshani ya duara iliyo ndani ya kuba, ambayo Waingereza huiita Roshani ya Minong'ono. Ukinong'ona huku mdomo umeuelekeza ukutani, mwenzako aliye upande wa pili, mita zaidi ya 30 kutoka kwako, anakusikia. Sababu ni kwamba ukuta umepinda, na sauti husafiri ikiufuata ukuta badala ya kutawanyika hewani.

Yule dada wa Kisumu akazunguka ng'ambo. Nikaweka sikio ukutani. Sauti ikanifikia kana kwamba amesimama begani mwangu: "Dada, mumeo anajua uko hapa?"

Nilicheka. Sikumjibu.

Tuliendelea hadi ngazi ya 528, tukatokea nje, juu kabisa ya kuba. Mto Thames ulikuwa chini yetu, na mabasi mekundu yalionekana madogo kama vichezeo vya watoto. Tulipiga picha tukiwa tumekumbatiana, skafu zinapepea. Tuliposhuka tulikwenda chumba cha chini ya kanisa, ambako kuna kumbukumbu ya Florence Nightingale, yule aliyeanzisha shule ya wauguzi mjini humo mwaka 1860. Wauguzi wanne kutoka nchi nne tulisimama hapo kimya. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote tangu niondoke nyumbani.

Kesho yake nilipiga simu. Mume wangu akauliza, "Wiki imekwendaje?" Nikajibu, "Nimechoka tu, masomo mengi."

Picha yafika nyumbani

Rafiki yangu aliiweka ile picha kwenye Facebook bila nia mbaya. Shemeji yangu wa Dar es Salaam akaiona, akampigia kaka yake: "Shemeji anakula raha Ulaya!"

Jumapili iliyofuata mume wangu aliniuliza kwa upole, "Jumamosi ile ulikuwa wapi?" Kwa hofu nikasema, "Chuoni." Alinyamaza. Kisha akasema, "Mke wangu, picha nimeiona."

Jumapili mbili zilizofuata alinisalimia tu na kuwapa watoto simu. Sikulala. Hatimaye niliandika barua ndefu. Nilieleza yote: kiingilio, idadi ya ngazi, ule mnong'ono, na aibu iliyonifanya nimfiche. Nikaomba radhi kwa kusema uongo.

Barua ilipomfikia, alisubiri simu yangu. Akaniambia, "Kupanda hukunikosea. Kila usiku ninawaambia watoto wamwombee mama anayeteseka. Kumbe zipo siku tungeweza kushukuru pamoja nawe."

Kisha sauti yake ikabadilika. "Nami nina langu. Mwezi Machi kijana alilazwa siku tatu kwa malaria. Sikukuambia. Kila simu yako ilikuwa baridi na mitihani, nikaona una mzigo wa kutosha."

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi wa watoto. Mwanangu alilazwa, nami sikujua. Nilikaa chini sakafuni hosteli nikalia. Lakini sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba katika simu zetu kuna mambo ya kufichana.

Neno kwa mama anayesafiri

Tangu siku ile tulikubaliana: kila Jumapili kila mmoja ataje jambo moja lililomfurahisha na moja lililomlemea. Mtoto akiugua, mwenzake aambiwe siku hiyo hiyo, hata kama hawezi kufanya lolote ila kuomba. Na habari za mmoja wetu mwingine asizisikie kwanza kwa ndugu au jirani.

Dada yangu, uwe unakwenda masomoni, kazini mkoa wa mbali au kumuuguza mzazi kijijini, usidhani unamhurumia mumeo ukimpelekea shida peke yake. Mtu anayesikia taabu tu huchoka, naye huanza kuficha zake. Furaha ndogo ukiisimulia vizuri, na aliyebaki nyumbani na sufuria na madaftari hupata sehemu yake.

Picha ile tuliiweka kwenye fremu, nayo inaning'inia sebuleni hadi leo. Mgeni akiuliza ni wapi, mimi sipati nafasi ya kujibu. Mume wangu ndiye anayesimulia habari za Wren na mwanawe, na ule ukuta unaopitisha minong'ono. Akifika kwenye ngazi 528 hushika magoti yake na kuguna, kana kwamba alizipanda yeye.