MULIMA MWEUSI ULISAFIRI MPAKA KWENYE BARIDI



Kila mutu wa Likasi aliyefika Lubumbashi ameuona ule mulima mweusi karibu na bomba refu la moshi. Si mulima ulioumbwa pale. Ni makapi ya shaba. Kuanzia 1911 madini yaliyeyushwa katika tanuru, shaba ikatoka, na kilichobaki kikamwagwa pembeni. Miaka mingi watu walisema: ile ni takataka tu.

Sasa tuulize: takataka ni kitu gani? Tanuru ya zamani ilitafuta shaba, haikutoa kila kitu. Katika makapi yale mulibaki kobalti, zinki na shaba kidogo. Kwa hiyo kampuni STL ilipata tanuru kubwa ya umeme, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 ikaanza kuuyeyusha mulima ule mara ya pili. Muchanganyiko wa kobalti na shaba uliotoka ulipelekwa kusafishwa Kokkola, katika inchi ya Finland.

Kokkola ni muji wa bandari, kaskazini ya Ulaya, ambako bahari inaganda wakati wa baridi. Pale viwanda vimejengwa jirani kwa jirani. Kiwanda cha zinki kinapochoma madini, gesi ya salfa inatoka. Hawaiachi iende bule hewani, wanaigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Sisi watoto wa Likasi twaijua asidi hiyo: ndiyo inayotumiwa kuyeyusha madini ya shaba. Basi, kinachomushinda mumoja kinamufaa jirani yake. Wataalamu wanaita jambo hili uchumi wa muzunguko: kitu kinatumika, kisha kinarudi kazini tena, hakiendi moja kwa moja shimoni.

Na mulima wetu haujamaliza kutoa. Katika Oktoba 2024 STL, ambayo ni ya Gécamines, ilipeleka Ubelgiji mara ya kwanza madini ya jermaniamu yaliyotoka katika makapi yale. Jermaniamu inaingia katika nyuzi za kioo zinazopeleka habari za simu mbali. Lakini muangalie vizuri: Finland jana, Ubelgiji leo. Juu ya nini? Mwenye makapi anauza makapi. Mwenye elimu ya kusafisha anauza kobalti. Wanaosoma kemia wasilale.

Tusifikiri tena kwamba muzunguko ni kazi ya wakubwa peke yao. Wale mafundi wanaotengeneza masufuria kwa vyuma vyepesi vya magari yaliyokufa wanafanya kazi ileile. Aluminiyomu inayeyuka kwa digrii 660, shaba inadai 1085. Ndiyo sababu moto wa makala wenye kupulizwa unatosha. Na kuyeyusha aluminiyomu ya zamani kunadai karibu 5% tu ya nguvu inayohitajiwa kutengeneza mpya.

Sasa twafika kwetu, na hapa sisi makapita tuna kosa la kuungama. Kila siku ya posho sisi ndio tulioamuru wadogo wachome kila kitu katika shimo moja: majani, mikebe, plastiki, hata betri za tochi. Muhula uliopita betri moja ikapasuka, ikamuchoma mutoto wa kalasi ya kwanza mukononi. Alikuwa anatii amri yetu. Tulimuomba musamaha, kovu halikusikia musamaha.

Tangu siku ile tumegawanya. Majani, maganda na mabaki ya jikoni yanaoza katika shimo la mbolea, kwa bustani ya lengalenga. Mikebe na aluminiyomu vinawekwa pembeni kwa mafundi. Betri zinakaa katika ndoo yenye kifuniko, mbali na moto na kisima. Hizo hatujapata wa kuzipokea, na hatutaki kudanganya mutu kwamba muzunguko wetu umefungwa.

Wadogo, musiende kupanda au kuchimba makapi ya viwanda mukifikiri ni mali ya bule. Vumbi lake ni baya, na kingo zinaporomoka.

Sisi wa kalasi ya sita tutaondoka mwisho wa mwaka. Shimo lile jipya twawaachia ninyi. Kapita atakayewaamuru kuchoma vyote pamoja, mumuonyeshe ukurasa huu.