Ziaka na Kifuniko Chake

Ziaka, ambalo pia huitwa podo, hufasiriwa kuwa mfuko wa mishale. Fasiri hiyo inapotosha kidogo, maana mfuko hulegea, ilhali ziaka sharti lisimame. (Wakikuyu nao husema thiaka, neno hili si la pwani pekee.)

Ngozi mbichi ya ng'ombe hulowekwa hadi ilainike, ikaparwa nyama na manyoya, kisha ikazungushiwa mti wa mviringo ulio mnene kuliko fungu la mishale. Hushonwa ingali na maji, kwa kuwa ikaukapo hunywea na kuubana mshono. Mti huchomolewa kabla ngozi haijakauka kabisa, la sivyo hung'ang'ania. Hatimaye hupakwa mafuta, kwani katika unyevu wa bahari, kama ule wa Galu, ngozi mbichi hulegea upesi.

Kazi ngumu ni kifuniko. Wawindaji wa Kimijikenda, Wadigo wa Kwale wakiwamo, walitumia mishale ya sumu ya msunguti. Kifuniko kilichobana kiliikinga sumu hiyo na mvua, na kumkinga mwindaji na ncha zake mwenyewe alipoinama kichakani.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Leo Galu ni pwani ya hoteli, jirani ya msitu wa Kaya Kinondo, na ziaka la kutundikwa ukutani halidai kifuniko kinachobana. Ufundi huanza kupotea hapo, katika kiungo ambacho mnunuzi hana haja ya kukijaribu.