Ada ya mtoto haipunguzi kodi ya mzazi

MFANYAKAZI wa Turiani, wilayani Mvomero, anayesomesha mtoto kwa mshahara wa miwa ya Mtibwa hapati nafuu ya kodi kwa ada anayolipa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haimruhusu kutoa ada kwenye kipato chake kabla ya kodi kukokotolewa. Marekani, kwa mfano, familia yenye mwanachuo inaweza kupunguziwa kodi hadi dola 2,500 kwa mwaka.

Serikali ya Tanzania imepitia mlango mwingine: kufuta ada katika shule zake. Ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare, madaftari na nauli vimebaki kwa mzazi, na hayo ndiyo mauzo ya maduka ya Madizini kila Januari.

Mwenye duka anayekopesha sare hana budi kujua mteja wake anabakiwa na nini. Tangu Julai 2021, Sh. 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazitozwi kodi, na Sh. 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8.

Chukua mshahara wa Sh. 500,000. NSSF inakata Sh. 50,000 na kodi ni Sh. 14,400. Kama mwenye mshahara alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, anakatwa pia asilimia 15, yaani Sh. 75,000. Mkononi hubaki Sh. 360,600. Deni la elimu linachukua zaidi ya mara tano ya kodi.

Mwajiri akimlipia mfanyakazi huyo ada ya mtoto, fedha hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya kipato. Ada ya Sh. 300,000 kwa mwaka, ikigawanywa kwa miezi 12, inaongeza kodi ya Sh. 2,000 kila mwezi.

Nafuu ya wazi iko kwa mchangiaji. Anayechangia Mfuko wa Elimu, ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, huruhusiwa kutoa mchango huo kwenye faida kabla ya kodi, mradi awe na cheti cha Mamlaka. Kampuni inayolipa kodi ya asilimia 30 ikichangia Sh. 1,000,000 inaokoa Sh. 300,000.

Mwenye duka dogo anayelipa kodi ya makadirio haguswi na nafuu hiyo, kwani kodi yake hupimwa kwa mauzo, si kwa faida. Kwake, dawati analotoa kwa shule ya kijiji ni sadaka tupu. Anayetunza hesabu kamili adai cheti kabla ya kufunga mwaka.