Fahamu: Kwa nini risasi hunaswa kirahisi kuliko kadimi
Ayoni ya risasi ina nusukipenyo cha takriban pikomita 119, ya kadimi 95. Kwa vipimo hivyo, risasi ingetarajiwa kupenya kwa shida vitundu vya mkaa wa kusafishia maji. Mara nyingi huwa kinyume. Majini ayoni huvaa molekuli za maji kama koti, na iliyo ndogo, kwa kuwa chaji yake imebanana, huzivuta kwa nguvu zaidi. Ikishavikwa, risasi hufikia takriban pikomita 401, kadimi 426. Tena risasi hulivua koti hilo kwa urahisi, ikashikamana na oksijeni iliyo kwenye uso wa mkaa. Jedwali la ukubwa wa atomi pekee, basi, halisaidii sana. Maji yakiwa na asidi nyingi, ayoni za hidrojeni huujaza uso huo, na metali zote mbili hukosa nafasi.